Seva mbili, Arusha na Moshi: namna ya kuzipanga ili kila nyumba ijitegemee

Kutoka Arusha hadi Moshi ni takriban kilomita 80 kwa barabara, na umbali huo ndio faida yenyewe. Mwizi aliyevunja mlango Sakina hawezi kubeba na diski iliyoko Pasua. Radi ikipiga nguzo ya Njiro, mashine ya Moshi inaendelea na kazi. Ila umbali huohuo una gharama yake: mtandao kati ya nyumba hizo mbili utakatika, na mara nyingi utakatika wakati ambao hakuna mtu wa kwenda kuugusa. Ndiyo maana kila kitu hapa chini kimepangwa kwa kanuni moja: kila nyumba iweze kufanya kazi zake kama vile nyingine haipo. Njia inayoziunganisha ibebe nakala tu. Huduma yoyote isitegemee njia hiyo ili iwake.

Achana na klasta

Anayepata mashine ya pili mara nyingi hukimbilia kuziunganisha kwa Proxmox VE, mfumo wa kuendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta halisi), ziwe klasta moja, yaani kundi linaloamua pamoja. Usifanye hivyo kati ya miji miwili. Klasta huenda kwa kura. Mashine mbili zina kura mbili, na ili klasta iwe na uamuzi zinatakiwa zote mbili. Njia ikikatika, kila upande unabaki na kura moja na kujiona hauna mamlaka: folda ya `/etc/pve` inakuwa ya kusoma tu, na mashine pepe iliyozimika haiwashiki tena. Umeme ukikatika Moshi saa nane usiku na kurudi saa tisa, huku rauta ya huko haijapata intaneti, seva itawaka, itakosa kura, na hakuna huduma hata moja itakayoanza. Ukiwa umewasha na HA, kipengele cha kuhamisha huduma mashine moja ikifa, mashine iliyokosa kura hujizima na kujiwasha yenyewe baada ya kama dakika moja, na kuiharibia kazi hata ile iliyokuwa inaendelea vizuri.

Kuna na suala la ucheleweshaji. Corosync, programu inayosafirisha hizo kura, inahitaji pakiti ziende na kurudi ndani ya milisekunde 5 hivi. Hicho ni kiwango cha swichi moja ndani ya nyumba. Kuongeza mpiga kura wa tatu mahali pengine kunarekebisha hesabu ya kura, lakini hakupunguzi ucheleweshaji. Na amri ya `pvecm expected 1`, ambayo hulazimisha mashine ikubali kura moja, ni ya dharura tu. Ukiitumia pande zote mbili, kila upande utaanza kuandika mambo yake na baadaye hutajua upi ni wa kweli.

Basi weka mashine mbili zisizojuana. Katika mfano wetu Arusha ndiyo ya kazi: picha, mafaili, hifadhidata na majaribio. Moshi inashika nakala, pamoja na huduma ndogo za nyumba ile, kwa mfano DNS ya kuzuia matangazo.

Mashine

Kompyuta ndogo za mtumba za ofisini zinatosha kabisa: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny. Chukua zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. i5-8500T, kwa mfano, ina kori 6, na mashine nzima ikiwa imetulia hula wati 10 hadi 20. RAM ya GB 16 inatosha Arusha, na GB 8 inatosha Moshi. Nyingi zina nafasi ya diski mbili: NVMe moja ya kuwekea mfumo na SSD moja ya inchi 2.5 ya data. Seva kubwa za rafu zilizotolewa makampuni ya nje ni bei rahisi kununua, lakini zinakula umeme saa 24 na kelele zake hazikaliki sebuleni.

Ukinunua OptiPlex, hakikisha adapta ni halisi. Dell hutambua adapta kwa pini ya katikati. Ikiwa ya bandia, mashine inaweza kupunguza kasi ya prosesa na kusimama wakati wa kuwaka ikisubiri mtu abonyeze F1. Ukiwa mbele yake ni usumbufu mdogo, lakini ikiwa Moshi na wewe uko Arusha, ni safari. Tafuta kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine, sehemu ya onyo la adapta, uizime hata kama adapta ni nzuri.

Diski za mtumba zikague kabla ya kutoa pesa. Nenda dukani na laptopu yenye Linux, chomeka, kisha `smartctl -a /dev/sdX`. Angalia Power_On_Hours, Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Mbili za mwisho zikiwa juu ya sifuri, rudisha. Diski ya mtumba inayoonyesha saa sifuri huku boksi limechakaa, kumbukumbu yake imefutwa na mtu. Kwa flashi na SSD za nje zenye ujazo mkubwa na bei ndogo kupita kiasi, tumia `f3probe`. Itakuambia kama hizo TB 2 zilizoandikwa juu zipo kweli, au ni GB 32 zilizofundishwa kudanganya.

Umeme

Hapa ndipo miradi mingi hufia, kwa hiyo tukae kidogo.

Anza na hesabu ya uniti. Seva wati 15, rauta pamoja na kifaa cha faiba wati 12, na hasara ya UPS (betri ya akiba ya seva) wati 8: jumla wati 35. Zidisha kwa saa 24 na siku 30 upate takriban uniti 25 kwa mwezi. Idadi si kubwa, lakini angalia nyumba inayopokea mashine ipo kundi gani la bei. Ikiwa ni kwa bibi ambaye LUKU yake ipo kwenye kundi la matumizi madogo, D1, mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi, na wewe peke yako utakula theluthi moja. Akivuka hapo anahesabiwa bei ya juu, na atakuwa analipa zaidi kwa taa zake mwenyewe kwa sababu ya boksi lako. Kaa naye mkubaliane kabla, kisha mnunulie uniti kila mwanzo wa mwezi bila kusubiri akuombe.

UPS. Ya VA 650 huwa na betri ya volti 12, Ah 7, yaani Wh 84 kwenye makaratasi. Ukitoa hasara ya kubadilisha umeme, na ukizingatia kwamba betri ya asidi haipendi kukaushwa, unabaki na kama nusu. Kwa mzigo wa wati 35, ikiwa mpya itakupa saa moja hivi. Baada ya miaka miwili gawanya kwa mbili. Joto huzeesha betri hizi haraka: kila nyuzi 10 juu ya 25 hukata maisha yake takriban nusu, na Moshi kuna joto kuliko Arusha. Usiiweke nyuma ya friji wala juu ya kabati karibu na bati.

Kabla ya kuamini UPS yoyote, ifanyie jaribio hili moja. Iwekee mzigo wa balbu, chomoa ukutani, iache ife kabisa, subiri dakika tano, kisha chomeka tena. Je, inajiwasha yenyewe? Zipo nyingi za bei nafuu ambazo hazijiwashi mpaka mtu abonyeze kitufe. Hiyo haifai kwa nyumba ya pili, hata ikiwa nzuri kiasi gani kwa mengine.

Kisha ingia BIOS ya seva, tafuta mpangilio wa kinachotokea umeme ukirudi, uchague iwake kila mara. Unganisha UPS kwa USB na usakinishe NUT, programu inayozungumza na UPS. `nut-scanner -U` itakuonyesha dereva inayofaa: `usbhid-ups` kwa APC nyingi, `nutdrv_qx` kwa nyingi za bei ya chini. Panga `upssched` izime seva kwa utaratibu baada ya dakika 10 za kutumia betri. Usisubiri ishara ya betri kuisha, kwani betri iliyozeeka hutoka asilimia 60 hadi kuzima ghafla bila kupita katikati.

Pana mtego mmoja hapa. Seva imeanza kujizima, na kabla UPS haijaisha umeme unarudi. Kwa upande wa seva, umeme haukuwahi kukatika, kwa hiyo mpangilio wa BIOS hauna cha kufanya na mashine inabaki imelala. Dawa yake ni NUT kuiamuru UPS ikate umeme wake mwenyewe mwishoni mwa kuzima, halafu iurudishe. Mpangilio huo ni `POWERDOWNFLAG` kwenye `upsmon.conf`. Ujaribu kwa kuchomoa na kuchomeka kweli. UPS isiyoelewa amri hiyo iondoe kwenye orodha.

Mwenye uwezo aweke betri ya lithiamu, LiFePO4 ya volti 12.8 na Ah 100. Hiyo ni Wh 1,280. Ukitumia asilimia 80 tu, kwa mzigo wa wati 45 pamoja na hasara za inveta, unapata zaidi ya saa 22. Chagua inveta ya wimbi safi.

Radi usiichukulie juujuu, hasa wakati wa masika, Machi hadi Mei, na wakati wa vuli. Kilinda mawimbi cha soketi hakina kazi kama nyumba haina athi nzuri, kwa sababu hakina pa kuimwaga radi. Mwite fundi umeme apime. Zaidi ya ohmu 10, aongeze fimbo ya shaba na achague udongo unaokaa na unyevu. Na usisahau kwamba radi huingia pia kwa kebo ya mtandao: antena ya juu ya bati iliyoungwa kwa waya wa shaba hadi kwenye swichi inaweza kuua kila kilichochomekwa. Nyuzi za faiba zenyewe hazipitishi umeme, lakini waya wa chuma unaoibeba kutoka kwenye nguzo unapitisha, basi fundi aukate na kuufunga nje ya nyumba.

Jambo la mwisho la umeme: miji hii miwili inaning'inia kwenye Gridi ya Taifa ileile. Hitilafu ya gridi itazizima zote pamoja. Nyumba mbili zinakulinda na wizi, moto na radi. Dhidi ya giza la nchi nzima una betri peke yake.

Anwani

Kabla ya kuunganisha chochote, badilisha anwani za ndani za nyumba zote mbili. Rauta nyingi huja na 192.168.1.0/24 au 192.168.0.0/24. Nyumba mbili zikiwa na namba zilezile, seva haitajua kama 192.168.1.10 ni printa ya hapa au diski ya kule. Sisi tutatumia 192.168.42.0/24 kwa Arusha na 192.168.43.0/24 kwa Moshi.

Kisha jua kama una anwani ya umma. Fungua ukurasa wa rauta uone anwani ya upande wa nje, halafu linganisha na ile inayotolewa na `curl ifconfig.me`. Zikitofautiana, au ya rauta ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma amekuweka nyuma ya anwani ya pamoja na wateja wengine. Kwa laini za 4G hali ni hiyo karibu siku zote. Kufungua poti kwenye rauta hakutasaidia kitu, hata ukirudia mara mia.

Njia za kutoka ni tatu. Omba anwani maalumu ya kulipia. Au tumia Tailscale, huduma ya VPN (njia ya siri kupitia intaneti) ambayo hutoboa njia yenyewe na ikishindwa hupitisha data kwenye vituo vyake; `tailscale netcheck` itakuonyesha kituo kilicho karibu nawe. Au kodi seva ndogo ya mtandaoni yenye anwani ya kudumu, uifanye kitovu cha WireGuard, programu ya kujitengenezea VPN. Anayeanza aende Tailscale, atamaliza kwa nusu saa. Anayetaka kuelewa na kumiliki kila kipande achukue kitovu, na ndicho tunachoeleza. Chagua kitovu kwa ucheleweshaji, usiangalie bei peke yake: kikiwa Ulaya, pakiti ya Arusha kwenda Moshi inakwenda Ulaya na kurudi, na safari nzima inaweza kuvuka milisekunde 300. Kwa nakala za usiku si tatizo. Kwa kuandika kwenye dirisha la amri, utachoka.

Na kwa wanaouliza kuhusu kurusha redio moja kwa moja kati ya miji hii: kilomita hizo, mabonde na mteremko wa Meru vinahitaji minara na vibali. Achana na wazo hilo.

WireGuard

Kwenye kila mashine tengeneza jozi ya funguo:

`wg genkey | tee siri.key | wg pubkey > wazi.key`

Ufunguo wa siri hautoki kwenye mashine yake. Faili ya Arusha, `/etc/wireguard/wg0.conf`:

```
[Interface]
Address = 10.77.0.2/24
PrivateKey = UFUNGUO_WA_SIRI_WA_ARUSHA
MTU = 1380

[Peer]
PublicKey = UFUNGUO_WAZI_WA_KITOVU
Endpoint = ANWANI_YA_KITOVU:51820
AllowedIPs = 10.77.0.0/24, 192.168.43.0/24
PersistentKeepalive = 25
```

Ya Moshi ni ileile, ila Address ni 10.77.0.3/24 na kwenye AllowedIPs unaweka 192.168.42.0/24. Kwenye kitovu, chenye 10.77.0.1, Arusha inapewa `10.77.0.2/32, 192.168.42.0/24` na Moshi `10.77.0.3/32, 192.168.43.0/24`. Washa `net.ipv4.ip_forward=1` kwenye zote tatu, kisha `systemctl enable --now wg-quick@wg0`.

Hiyo keepalive ya sekunde 25 usiifute. Rauta ya mtoa huduma husahau njia isiyopitisha kitu kwa muda mfupi, na ikishasahau, kitovu hakiwezi tena kubisha hodi kwako.

Kwenye Endpoint weka namba. Usiweke jina. Umeme ukirudi, seva huwaka kabla ya rauta kupata intaneti. Jina halitafsiriki, na `wg-quick` inashindwa na kunyamaza. Ukiweka namba, WireGuard itaendelea kujaribu mpaka mtandao uje.

Mambo yanayokwama baada ya hapo huwa na sura zake. Ikiwa `ping` inapita, SSH (kuingia kwenye mashine kwa mbali) inafungua, lakini ukiandika amri yenye majibu marefu skrini inaganda, hiyo ni MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti. Chaguo-msingi ni 1420, na laini za 4G mara nyingi hazibebi kiasi hicho. Shusha hadi 1380, ikigoma 1280. Ikiwa seva zinaonana kwa 10.77 lakini laptopu ya Arusha haiioni printa ya Moshi, rauta ya nyumbani haijaambiwa njia: iongezee kwamba 192.168.43.0/24 inapitia 192.168.42.10, yaani seva yako, na Moshi ufanye kinyume chake. Rauta nyingi za watoa huduma hazina sehemu hiyo. Nunua rauta yako ya MikroTik au inayokubali OpenWrt, uiweke nyuma ya ya kwao.

Sura ya tatu huwasumbua watu siku nzima. Umeme umerudi, kila kitu kinawaka, intaneti ipo, na WireGuard haipeani mkono. Tazama saa. Kila salamu ya WireGuard hubeba muda, na kitovu hukataa salamu yenye muda wa nyuma kuliko ya mwisho kikidhani ni mtu anarudia pakiti ya zamani. Mashine ya mtumba yenye betri ya CR2032 iliyokufa, au Raspberry Pi isiyo na saa ya ndani, huamka na tarehe ya zamani. Badilisha hiyo betri siku unayonunua mashine, na sakinisha `chrony` ili saa irekebishwe kupitia intaneti ya kawaida bila kusubiri VPN.

Nakala

Weka ZFS, mfumo wa kuhifadhi mafaili, pande zote, na tangi la data lifungwe kwa usimbaji Arusha:

`zfs create -o encryption=on -o keyformat=passphrase tangi/data`

Uzuri wake unaonekana Moshi. ZFS inaweza kutuma vipande vikiwa bado vimefungwa, hivyo mashine ya Moshi inashika nakala bila kuwa na nenosiri. Ikiibwa, mwizi amepata kompyuta, hajapata picha za familia wala hesabu za duka. Kwa anayehifadhi taarifa za wateja, hili si la hiari: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakudai uzilinde.

Snapshoti za Arusha, yaani picha za hali ya data kwa wakati fulani, ziendeshwe na programu ya `sanoid`: zibaki 24 za kila saa, 30 za kila siku na 6 za kila mwezi. Nakala ya kwanza usiitume kwa mtandao. GB 500 kwa kasi ya kupandisha ya Mbps 5 ni siku tisa na zaidi, kama haikukatika, na kwa bando la simu ni pesa nyingi. Weka mashine zote mbili juu ya meza moja Arusha, ziunge kwa kebo ya gigabiti, na baada ya saa mbili hivi imekwisha. Kisha ifunge mashine ya Moshi kwenye nguo nene na uipakate kwenye basi. Usiiweke kwenye buti.

Baada ya hapo ni mabadiliko tu. GB 2 kwa siku kwa Mbps 4 ni kama saa moja na dakika saba. Amri hii ya `syncoid`, programu inayonakili snapshoti, inaendeshwa Moshi, na `cron`, kipanga ratiba cha Linux, iiite saa saba usiku:

```
syncoid --no-sync-snap --no-privilege-elevation \
  --sendoptions=w --source-bwlimit=500k \
  nakala@10.77.0.2:tangi/data tangi/arusha/data
```

Hiyo `500k` ni kilobaiti kwa sekunde, sawa na Mbps 4. Kumbuka kwamba Moshi ndiyo inayovuta. Arusha haina ufunguo wa kuingia Moshi hata kidogo. Kwenye Arusha mtumiaji `nakala` amepewa ruhusa mbili peke yake: `zfs allow nakala send,hold tangi/data`. Kwa mpangilio huu, hata virusi vinavyodai fidia vikiiteka Arusha yote, haviwezi kufuta kilichopo Moshi. Ukipanga Arusha isukume kwa akaunti ya root, umempa mvamizi nyumba mbili kwa ufunguo mmoja. Moshi nayo iwe na `sanoid` yenye `autosnap = no` na `autoprune = yes`, ili ipunguze za zamani kwa ratiba yake.

Mtandao ukikatika katikati, `syncoid` huendelea ilipoishia. Kinachoua mnyororo ni pande mbili kukosa snapshoti ya pamoja. Moshi ikizimwa miezi mingi na Arusha ikafuta zile za zamani, hakuna pa kuungia na itabidi ubebe diski tena. Zile sita za mwezi zinakupa nafasi ya kutosha. Usizifute kwa mkono ili kupata nafasi.

Asiyetaka ZFS atumie `restic`, ambayo nayo hufunga kila kitu kabla ya kutuma, akiweka `--limit-upload 500`. Inafanya kazi vizuri, ila mashine ya Arusha ndiyo inayosukuma, basi upande wa Moshi endesha `rest-server --append-only` ili kisichotakiwa kufutwa kisifutike.

Mashine ikigoma na wewe uko mbali

Safari nyingi huepukwa kwa maandalizi ya saa moja kabla mashine haijaondoka mezani. Kwenye `/etc/systemd/system.conf` weka `RuntimeWatchdogSec=30s`, ili mfumo ukiganda maunzi yenyewe yauwashe upya. Kwenye `/etc/fstab`, kila diski ya nje iandikwe `nofail`. Bila hiyo, waya wa USB uliolegea unaisimamisha mashine kwenye hali ya dharura ikisubiri kibodi. Kwa Ubuntu, weka `GRUB_RECORDFAIL_TIMEOUT=5`, kisha `update-grub`. Diski ya mfumo isidai nenosiri wakati wa kuwaka. Data ndiyo inayofungwa.

Mashine zenye Intel vPro zina AMT, inayokuwezesha kuona skrini na kuingia BIOS kwa mtandao hata mfumo ukiwa umekufa. Iwashe na uipe nenosiri refu, na ifikike kwa VPN pekee, kupitia rauta au kifaa kingine kisicho seva hiyohiyo. Weka pia njia ya pili ya kuingia: modemu ya 4G ya mtandao tofauti na wa faiba, yenye bando dogo.

Na usiguse fayawoli wala mtandao wa Moshi ukiwa Arusha bila kamba ya kurudia. Fanya mabadiliko ya muda yasiyohifadhiwa kwenye faili, lakini kabla yake andika:

`systemd-run --on-active=10min systemctl reboot`

Ukijifungia nje, baada ya dakika kumi mashine inajiwasha na mipangilio ya zamani. Ukiona mambo yako sawa, simamisha kipima saa hicho kwa `systemctl stop` na jina lake la `.timer` lililotokea kwenye skrini, kisha hifadhi.

Ufuatiliaji ukae kwenye kitovu, nje ya nyumba zote mbili. Uptime Kuma itakutumia ujumbe wa Telegram upande wowote ukinyamaza. Lakini kinachohitaji kengele kuliko vyote ni umri wa nakala. Seva inaweza kuwaka mwezi mzima huku `syncoid` ikishindwa kila usiku. Andika skripti ndogo isome snapshoti ya mwisho iliyofika Moshi kwa `zfs list -t snapshot -o creation -s creation`, na ipige kelele ikizidi saa 48.

Mwenye nyumba, na jaribio

Shangazi au mjomba anayekaa na mashine anastahili maelezo ya kueleweka. Bandika karatasi juu ya boksi kwa herufi kubwa: hiki ni nini, kisichomolewe kwa ajili ya pasi, namba yako ya simu, na hatua za kufuata ukimwomba akiwashe upya. Weka lebo kwenye kila waya, "rauta", "seva", "UPS", kwa sababu maagizo ya "chomoa ule mweusi" kwenye simu humaliza salio na subira ya wote wawili. Akikuambia radi inapiga na amechomoa kila kitu, mshukuru. Amefanya sawasawa.

Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa usiihesabu kuwa ipo. Kila mwezi chagua faili moja na uirejeshe. Kila miezi sita fanya jaribio kamili: nenda Moshi, zima VPN, na fanya kana kwamba Arusha imeungua. Usifungue nakala yenyewe. Tengeneza tawi lake kwa `zfs clone` kutoka snapshoti ya karibuni, kisha `zfs load-key` na `zfs mount`, uwashe huduma juu ya tawi hilo. Nenosiri lilete kutoka mahali ambapo lingekuwepo kweli siku ya moto: likiwa limehifadhiwa kwenye seva ya Arusha tu, umeshafeli jaribio. Liandike kwenye karatasi mbili, moja ikae na mtu unayemwamini asiyeishi katika nyumba yoyote kati ya hizo. Ukimaliza, angalia mafaili ya siku ya mwisho yapo, ukifuta tawi anza na `zfs unmount`, `zfs destroy` ya tawi hilo, na mwisho `zfs unload-key`, kisha washa VPN na uhakikishe `syncoid` ya usiku ule imepita kabla hujapanda gari la kurudi.